Sauti Iliyomo Kwenye Simu Yako Ilitunzwa na Mtu

Juma lililopita niliweka katika kundi letu la wapiga vinanda video ya dakika mbili niliyoirekodi gerejini kwa mzee mmoja, viungani mwa jiji la Birmingham, Uingereza. Mzee amefungua kifuniko cha Mellotron M400 yake, kinanda cha zamani ambacho kila kitufe chake hucheza sauti ya chombo iliyorekodiwa kwenye utepe, tepe 35 zimejipanga sambamba kama nyuzi kwenye kitanda cha mfumaji, naye anaonyesha kwa kidole jinsi kila kitufe kinavyousukuma utepe wake. Ndugu yetu mmoja, mpiga kinanda wa kwaya ambaye mikono yake naiheshimu, akajibu kwamba sauti zote hizo anazo kwenye simu kwa bei ya soda mbili, na kwamba wazee wa namna hiyo wanapoteza muda, fedha na nafasi ya kuegesha gari. Watu kumi na wawili wakamwekea dole gumba.

Sikumjibu siku ile, kwa sababu nilijua kwamba nikijibu kwa hasira nitamvunjia heshima mtu ninayempenda. Sasa zimepita siku nne. Hasira imepungua, lakini hoja yenyewe imezidi kunikaa kooni, na kundi la simu si mahali pa kuisema yote.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi redio Ngamiani, Tanga. Nilikua nikimwona akifungua redio kaseti za watu, akisafisha kichwa cha kusomea kwa pamba iliyochovywa spiriti, akibadilisha mpira uliolegea, akiviringisha kwa kalamu ya Bic utepe uliotafunwa. Nilipoinama juu ya kinanda kile gerejini, harufu ya kwanza niliyoipata ilikuwa ya meza ya baba: spiriti, mafuta ya mashine, na ile harufu kavu ya utepe wa kahawia ambayo aliyewahi kuinusa haisahau. Mzee alinitazama usoni, akaelewa bila kuambiwa, akanipa kijiti chenye pamba, nikasafisha vichwa vitatu vya mwisho upande wa kulia. Alinisimamia kama baba alivyokuwa akinisimamia, bila kusema neno, akitikisa kichwa kila nilipomaliza kimoja.

Wengi wenu mmeisikia Mellotron hata kama hamkuwahi kuiona. Filimbi zile zinazofungua wimbo wa Beatles wa mwaka 1967, Strawberry Fields Forever, hazikupulizwa na mtu studioni siku ile. Paul McCartney alibonyeza vitufe. Lakini kubonyeza si jambo dogo katika chombo hiki. Kitufe kinaposhuka, kigurudumu cha mpira kinaubana utepe dhidi ya mhimili wa chuma unaozunguka bila kusimama, na kipande laini cha kitambaa kinaukandamiza utepe huohuo juu ya kichwa cha kusomea. Ukibonyeza kwa woga, sauti inatoka hafifu na inayumba. Ukibonyeza kwa uthabiti, inasimama. Utepe una urefu wa takribani sekunde nane tu, na zikiisha, sauti inakatika hata kama kidole chako bado kimekaa pale. Ukiachia, springi inaurudisha utepe mwanzo kwa mlio mdogo wa haraka, na ukibonyeza tena kabla haujafika, utaikosa ile pumzi ya kwanza ya sauti. Ndiyo maana wapigaji wazuri wa chombo hiki husogeza vidole kama kaa anayetembea ufukweni, kimoja kikishuka kingine kinapanda, ili wimbi la sauti lisikatike lote kwa pamoja.

Mzee aliniambia jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile. Alisema kwamba kwa miaka mingi alidhani anamiliki kinanda, mpaka alipoanza kukitengeneza mwenyewe ndipo alipotambua kwamba anahifadhi watu. Kila utepe una mtu aliyekaa mbele ya maikrofoni alasiri fulani, akavuta pumzi, akapuliza noti moja kwa sekunde nane, akapumzika, kisha akapuliza noti inayofuata. Filimbi za Mellotron zilirekodiwa katika studio za IBC jijini London mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mpulizaji alifanya kazi yake, akalipwa, akaenda zake. Noti zake zimesikika katika muziki wa dunia nzima kwa zaidi ya miaka 60, lakini nani kati yetu tunaozisikia anaweza kumtaja kwa jina?

Sasa nakuja kwenye lile jibu la simu na soda mbili.

Ndugu yangu, sauti iliyomo kwenye simu yako haikuzaliwa ndani ya simu. Ili programu ile iwe na filimbi za Mellotron, ilibidi kwanza iwepo Mellotron nzima, inayofanya kazi, au utepe wenyewe uliotunzwa vizuri, na mtu aliyekubali kukaa na mashine ya kurekodia akabonyeza kitufe baada ya kitufe mpaka vyote 35 viishe, kisha akarudia kwa fidla, kisha kwa kwaya. Mashine hiyo ilikuwa mikononi mwa mtu katika miaka ambayo hakuna aliyeitaka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, vinanda vya umeme visivyo na tepe vilipojaa sokoni, Mellotron zilianza kuachwa kwenye vyumba vya chini, zikauzwa kwa bei ya kutupa, zikang'olewa mota na makabati. Anayezisikia leo kwenye simu anafaidi ukaidi wa watu wachache waliokataa kuzitupa. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba anapoteza nafasi ya gari ni sawa na kunywa maji ya kisima huku ukimcheka aliyekichimba na anayeendelea kukisafisha.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimewaona, na nimeiona kazi yenyewe. Mpira wa kigurudumu ukikaa miezi bila kuzunguka, unabonyea upande mmoja, na sauti inaanza kudunda. Utepe ukichezwa, unasagika kidogo kidogo juu ya kichwa cha kusomea; usipochezwa, unakauka na kujikunja. Vumbi na moshi wa sigara ni maadui wakubwa. Mota ikichoka, ukishika noti nyingi kwa pamoja kasi inashuka, na kwaya nzima inateremka sauti kama watu waliopewa habari mbaya. Mwenye chombo hiki hawezi kukificha ili kidumu, wala hawezi kukicheza ovyo ovyo. Analazimika kukicheza kidogo, kwa moyo, kila baada ya siku chache, kama mtu anayemtembeza mgonjwa aliyeagizwa na daktari asilale mno. Mzee wa Birmingham ana daftari la jalada gumu ambamo ameandika tarehe ya kila utepe alioubadilisha tangu aliponunua chombo chake kutoka kwa bendi iliyovunjika. Mikono yake imeanza kutetemeka, na mwandiko wa kurasa za mwisho unaonyesha hivyo.

Watu hupenda kusimulia historia ya Mellotron kama hadithi ya wanamuziki maarufu. Kwangu mimi ni hadithi ya mafundi, na imeanzia mbali na Birmingham. Harry Chamberlin, mzaliwa wa Iowa aliyehamia Upland, California, alipata wazo mwishoni mwa miaka ya 1940, alipokuwa akijirekodi akipiga ogani. Alijiuliza: kama naweza kuirekodi ogani yangu, kwa nini nisibonyeze kitufe nikatoa gitaa au tromboni ya mtu mwingine? Akaanza kujenga vinanda vya tepe karakanani kwake, na akawaita wanamuziki wa okestra ya Lawrence Welk wampigie noti moja moja. Huyo ndiye aliyeliona jambo hili kabla ya kila mtu. Kisha Bill Fransen, aliyewahi kuwa mfuta madirisha wake na baadaye muuzaji wake, akachukua vinanda viwili vya Chamberlin mwaka 1962 akavuka navyo bahari mpaka Uingereza, akitafuta kiwanda kinachoweza kumtengenezea vichwa 70 vya kusomea vinavyofanana kabisa. Akawapata ndugu watatu, Frank, Norman na Les Bradley, wa kampuni ya Bradmatic. Waliweza. Hawakujua kwamba wazo lilikuwa la mtu mwingine aliyekuwa bado hai na bado anafanya kazi California.

Chamberlin alipopata habari alikasirika, kama ambavyo fundi yeyote angekasirika, na baadaye pande mbili zikafikia makubaliano. Nimesikia watu wakichukua upande kwa ukali katika jambo hili, wengine wakiwaita akina Bradley wezi. Siamini hivyo. Aliyefahamu kila kitu tangu mwanzo ni Fransen, na kosa ni la anayejua. Hata hivyo ninaumia kila ninaposikia mtu akiitaja Mellotron pasipo jina la Chamberlin hata mara moja, na mzee wangu wa gerejini anaumia pia. Ukutani, juu ya benchi la kazi, amebandika picha ya Chamberlin kutoka gazetini, pembeni ya picha ya mke wake.

Mellotron ya kwanza ilitoka mwaka 1963, kwa fedha za watu wa burudani akiwemo kiongozi wa okestra Eric Robinson na mwanamazingaombwe David Nixon, na ile iliyotamba zaidi, Mark II, ikafuata mwaka 1964. Mark II ilikuwa na safu mbili za vitufe 35 zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Ya kushoto ya midundo na vikolezo, ya kulia ya sauti za kuongoza. Kila utepe ulikuwa na njia tatu za sauti zilizolala sambamba na vituo sita kwenye urefu wake, kwa hiyo tepe 70 zilibeba rekodi 1,260. Uzito wake ulikuwa kama kilo 160. Haikukusudiwa vijana wa roki. Ilikusudiwa majumba, mahoteli na kumbi za starehe, na Binti Mfalme Margaret alikuwa nayo moja.

Nilibahatika kuiona Mark II mwezi uleule niliomtembelea mzee, kwa mama mmoja mjane aliyeachiwa na mumewe, mpigaji wa zamani wa hotelini. Iliingizwa sebuleni kupitia dirishani, na mama akasema kwamba itatoka siku ile tu atakapotoka yeye. Hapigi kinanda. Anaiwasha kila Jumapili jioni, anasubiri ipate joto, anabonyeza kitufe kimoja upande wa kushoto, na bendi nzima ya dansi ya zamani inaanza kupiga sebuleni, kisha inakatika, kisha anabonyeza tena. Nilikaa naye kwa saa nzima. Nilipomuuliza kama amewahi kufikiria kuiuza, maana wako watu ambao wangempa fedha nyingi, alinyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba niliona aibu kwa kuuliza.

Kati ya watu wote wa historia hii, ninayempenda zaidi ni Mike Pinder. Kabla hajawa mwanamuziki wa kundi la roki la Moody Blues, alifanya kazi kwa mwaka mmoja na nusu katika kiwanda cha akina Bradley akivikagua vinanda vilivyotoka kuundwa. Alizijua tepe kwa mkono kabla ya kuzijua kwa sikio la jukwaani. Baadaye alipopata Mark II yake, iliyokuwa imekaa bila kazi katika klabu ya wafanyakazi wa kiwanda cha matairi cha Dunlop huko Birmingham, aling'oa tepe za midundo upande wa kushoto akaweka sauti za kuongoza pande zote mbili. Fundi tu ndiye angethubutu. Fidla zile za wimbo wao Nights in White Satin, zinazosikika kama zinalia, ni matokeo ya mtu aliyejua bisibisi na muziki kwa pamoja, na ndiye pia aliyewajulisha Beatles chombo hiki. Alifariki mwaka 2024.

M400, ile ya mzee wangu, ilikuja mwaka 1970, nyeupe, nyepesi zaidi, ikiwa na safu moja tu ya vitufe na fremu ya tepe inayoweza kutolewa nzima na kuwekwa nyingine. Ziliuzwa kama 1,800. Nyepesi nasema, lakini bado ni zaidi ya kilo 50, na mimi na mzee tulishindwa kuisogeza bila kumwita jirani.

Nikubali mambo mawili, ingawa sipendi kuyakubali. La kwanza, nikiitwa kesho kupiga harusini, sitabeba Mellotron; nitabeba kinanda changu cha kawaida chenye kitufe cha fidla, nami nitalipwa na kula pilau kama wengine. La pili, hata watengenezaji wa leo wameikubali dijitali: Markus Resch wa Sweden, aliyeunda Mark VI yenye tepe halisi mwaka 1999, alitoa pia M4000D isiyo na utepe hata mmoja mwaka 2010, na wapigaji wazito wanaitumia. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na dharau.

Hofu kwamba chombo hiki kingewaondolea wanamuziki riziki ilikuwapo tangu mwanzo, na chama cha wanamuziki cha Uingereza kilijaribu kudhibiti matumizi yake. Sisi tulioona kinanda kikichukua nafasi ya fidla katika taarabu ya kisasa miaka ya 1990 tunaielewa hofu hiyo, na hatuwezi kuibeza.

Kuna jina moja zaidi ambalo sitakubali lipite bila kutajwa, nalo ni la Dave Biro, kijana wa Connecticut aliyekerwa na ule ukomo wa sekunde nane. Katika miaka ya 1970 alikusanya mashine 19 za kuchezea kanda za magari, zile za njia nane ambazo utepe wake unazunguka bila mwisho, akaziunganisha na vitufe mpaka akapata kinanda ambacho sauti yake haikatiki. Rick Wakeman wa kundi la Yes aliguswa kiasi cha kutoa fedha zake ili Birotron itengenezwe kiwandani. Vilitoka vinanda vichache mno, kisha mradi ukafa, na leo kukiona kimoja ni kama kumwona mnyama aliyesemekana ametoweka. Nimesikiliza rekodi zake mara nyingi. Kwa maoni yangu kitu fulani kilipotea pale sekunde nane zilipoondolewa, kwa sababu ule ukomo ndio unaomfanya mpigaji apumue pamoja na yule aliyepuliza. Lakini kijana aliyetoa mashine kwenye magari akatengeneza okestra anastahili watu wasimame wanapomtaja.

Tukirudi Uingereza, kampuni ya akina Bradley, iliyokuwa sasa ikiitwa Streetly Electronics, ililipoteza hata jina la chombo chake katika miaka ya 1970, ikalazimika kuviita vinanda vyake Novatron. Mwaka 1986 ilifungwa. Ingeweza kuishia hapo. Kwamba haikuishia hapo ni kwa sababu baadaye John Bradley, mwana wa Les, pamoja na Martin Smith, walianza tena kukarabati vinanda vya watu chini ya jina lilelile la Streetly, na mwaka 2007 wakatoa M4000, kinanda kipya cha tepe halisi, katika zama ambazo hakuna mhasibu ambaye angewashauri wafanye hivyo. Mwana alirithi bisibisi ya baba yake. Mimi niliyeiacha ya baba yangu ikapata kutu kwenye kabati la Ngamiani naliona jambo hilo kwa uchungu na kwa heshima kubwa.

Basi ndugu yangu wa kwaya, ukifungua programu ile tena, weka kidole kwenye filimbi, noti ya juu kidogo, halafu sikiliza mwanzo wake kabla sauti haijatulia. Kuna hewa pale. Mtu anavuta pumzi, midomo inagusa filimbi, noti inachelewa punje ndogo ya wakati. Hewa hiyo ilitoka kifuani mwa mtu London, ikakaa kwenye utepe, utepe ukakaa gerejini na sebuleni kwa watu kama hawa ninaokueleza, ndipo ikafika kwenye soda zako mbili.

Jumamosi ijayo narudi kwa mzee. Kitufe cha tisa kimeanza kuyumba, na amesema kwa kuwa macho yake hayaoni tena vizuri karibu, kitambaa cha kukandamiza nitakibadilisha mimi, na nitaandika tarehe daftarini kwa mwandiko wangu. Nimeandika Tanga kuomba bisibisi ndogo ya baba, ile yenye mpini wa njano, itumwe na yeyote atakayekuwa akisafiri.